Kiumbe Aliyekataa Kuingia Ndani

Kwa wiki nzima sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya swali ambalo ningeona haya kumuuliza mtu: je, kiumbe ambaye hayupo anaweza kuhisi baridi? Nilijijibu kwamba hawezi. Kisha nikajiuliza, kama hawezi, mbona mimi niliyemtunga nalala nikiwaza miguu yake ndani ya matope? Na nyuma ya swali hilo kulikuwa na lingine, ambalo ndilo hasa lililoninyima usingizi. Baba yangu alikuwa halali nyumbani, na huyo kiumbe nilikuwa nimempa tabia za baba yangu.

Nieleze taratibu. Nilipomaliza chuo nilikaa kwetu Nyalenda mwaka mmoja na zaidi, nikituma barua za kuomba kazi na kuzisoma upya baada ya kuzituma, ili nione nilikosea wapi. Ndipo rafiki yangu tuliyesoma naye, kijana wa Vihiga, aliponiita tutengeneze gemu ya simu. Yeye anaandika programu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika tabia. Sijawahi kupata kazi iliyonifaa kama hiyo. Kwa kila kiumbe nilijaza karatasi: anapenda nini, anaogopa nini, anasalimia vipi, akishiba anafanyaje, akikutana na mgeni macho anayaweka wapi. Mtu mwingine angejaza ukurasa mmoja akaenda kunywa chai. Mimi nilijaza kumi na moja, halafu nikarudi kuongeza jinsi anavyokohoa.

Viumbe wetu wanaishi juu ya magugu maji. Ziwani kwetu magugu hayo hushikana yakawa kama kisiwa, na upepo unayasukuma unavyotaka; leo yamefunga ufuo wa Dunga, kesho ufuo uko wazi na yamehamia kwa watu wengine. Tulijiuliza ingekuwaje kama kuna watu wadogo wanaoishi humo juu, wasiojua kesho wataamka wakiwa majirani wa nani. Tabia zote zilitoka hapo. Anayeamka kila siku na majirani wapya lazima awe na adabu nyingi, la sivyo ataishi akigombana.

Wa kwanza niliyemwandika alikuwa mchota maji, mfupi, mwenye mkia unaochomoka. Akifika kwenye foleni anauacha mkia wake ukae mahali pake, yeye anaenda kutembea. Wenzake wanauheshimu mkia kama wanavyomheshimu mwenyewe. Ukiusogeza, unapiga kelele na foleni nzima inakugeukia. Nilimtoa kwenye bomba letu la mtaani, ambapo mitungi inapanga foleni tangu alfajiri na wenyewe wako nyumbani wanakoroga uji, na hakuna anayethubutu kugusa mtungi wa mwingine. Rafiki yangu aliniuliza kwa mzaha itakuwaje mkia ukikaa juani ukakauka. Nilikuwa nimeshaandika: jirani wa nyuma yake anaumwagia maji kidogo, bila kuombwa.

Wa pili alikuwa mvuvi mwenye mashavu ya chura, na huyu ndiye aliyependwa na kila mtu. Hata akiwa katikati ya hatari, lazima asimame, ainue mkono, ajisifu. Anaanza na yeye mwenyewe, anaingia kwa rafiki zake, anamalizia na ukoo wa mke wake. Sisi Wajaluo jambo hilo tunaliita pakruok. Kwenye sherehe mtu anasimamisha muziki ili aseme yeye ni nani, na watu wanapiga vigelegele. Katika gemu nyingine kiumbe wa namna hiyo angepigwa kabla hajafika kwa shemeji wa kwanza. Kwetu niliandika kwamba adui naye anangoja, kwa sababu huwezi kumkatiza mtu anayejisifu, na akimaliza, adui anaruhusiwa kujisifu pia. Vita vingi vya gemu yetu viliisha hivyo, wote wawili wamechoka kwa kusema, jua linazama.

Kulikuwa na wawili wa kusindikizana ambao walitusumbua kidogo. Niliandika kwamba mgeni akiondoka, mwenyeji anamsindikiza nusu ya njia. Nikasahau kuandika mwisho wa usindikizaji. Tukaiacha kompyuta, tukaenda kula samaki, tuliporudi wawili hao walikuwa bado wanarudishana, huyu akimpeleka yule, yule akimrudisha huyu, na njia waliyopita ilikuwa imeanza kukatika majani.

Halafu akaja mwenye miguu mirefu. Huyu nilimwandika siku moja bila kufuta, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Ni fundi, na kila boma lina wake. Anatengeneza vyombo vya viumbe wengine, na akikabidhi kazi anatazama pembeni ili asionekane anangoja kushukuriwa. Kabla ya kuingia mahali popote anakohoa mara mbili. Akifurahi hasemi, anapangusa spana. Akirudi nyumbani analeta kitu kidogo kilichofungwa kwenye jani, anakiweka mezani, kisha anajifanya hajui kimefikaje pale. Na anamheshimu sana mama mkwe wake: hamtazami usoni, hamshiki mkono, akimwona njiani anapita mbali, wala haingii katika nyumba ambayo yeye yumo.

Rafiki yangu alisoma karatasi hizo akaanza kutabasamu, maana amewahi kuja kwetu.

"Huyu ni mzee wako kabisa," akasema. "Na hapa kwa mama mkwe umeweka sawa. Hata sisi ni hivyo. Mimi nikioa nitakuwa mtu wa kukimbia vichakani."

Tukaingiza tabia hiyo kama ilivyo. Wote wawili tumelelewa ndani ya heshima hiyo, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuuliza swali dogo ambalo mtu wa mbali angeuliza mara moja: mama mkwe akija kukaa, mkwe atalala wapi? Kwetu mama mkwe haji kukaa. Ni jambo ambalo halihitaji kuandikwa, na sisi hatukuliandika.

Lakini gemu yetu ina mvua. Maji yakipanda, kingo za kisiwa zinamegeka, na viumbe waliopoteza nyumba wanahamia kwa watoto wao. Mara ya kwanza tulipoiachia mvua hiyo, akina mama wakwe wakaingia ndani, na wenye miguu mirefu wakatoka nje. Viumbe wetu hawafi; wana joto mwilini, na joto likiisha wanazimika, wanakuwa rangi ya majivu mpaka mtu awakokote karibu na moto. Asubuhi ya gemu tuliwakuta wote wamesimama nje ya nyumba zao wenyewe, wameupa mlango mgongo, spana mkononi, wamezimika.

"Hii kiumbe yako imezimika tena," rafiki yangu aliniambia siku ya tatu. Vijana waliokuwa wakitujaribia gemu walikuwa wamelalamika kwamba imeharibika, eti kuna mmoja anakataa kuingia kwake. Alitaka nifute ule mstari wa mama mkwe. Mstari mmoja tu, na iwe kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumatatu tungeionyesha kwa watu waliotaka kutusaidia kuitoa.

Nilimwambia nitafuta. Sikufuta. Na sababu sikuweza kumwambia, maana wakati huo mambo ya kwetu yalikuwa yamefika pale pale.

Nilipomwandika mwenye miguu mirefu, Baba alikuwa bado analala nyumbani. Wiki mbili baadaye mvua kubwa ilinyesha, maji yakalijaza bonde la Kano, na nyumba ya Dani, bibi yangu mzaa mama, ikaingia maji mpaka juu ya kitanda. Mama alimfuata akamleta kwetu na kigoda chake, sufuria na kuku wawili. Nyumba yetu ni vyumba viwili na pazia. Jioni ile Baba alifika, akasimama uani, akakohoa mara mbili, akamsalimu Dani kutoka mbali akiutazama ukuta wa jirani. Alimpa pole ya mafuriko. Kisha akasema kuna kazi nyingi sana kwenye karakana yake ya pikipiki kule Kisian, akapanda baiskeli, akaenda. Tangu siku hiyo analala huko, kwenye benchi, katikati ya matairi. Kila mtu alijua sababu.

Mimi, kwa jinsi nilivyo, nilifikia hatua ya kujiuliza kama niliyaleta mwenyewe kwa kuyaandika.

Nisieleweke vibaya, hapakuwa na ugomvi. Sijaona watu wawili wanaopendana kama wale. Kila asubuhi Baba alipita na samaki wawili, ngege, au mkate, akakohoa langoni, na Dani akikisikia kikohozi hicho anafunga kitambaa vizuri na kuingia nyuma ya pazia. Mama alimpelekea Baba chai nje, akainywa amesimama. Baba aliuliza kama mama mkwe wake amelala vizuri. Nyuma ya pazia Dani aliuliza kama yule mwana wa watu amekula. Mama alikuwa katikati akibeba salamu kama mshenga wa pande mbili, na siku moja alichoka akawaambia wote wawili kwa sauti kwamba ukuta hauzibi masikio, waambizane wenyewe. Baba akakirudisha kikombe, akaondoka. Mama alicheka peke yake hadi akakaa chini.

Lakini wiki ya nne Baba alianza kukohoa hata pale ambapo hapakuwa na mlango. Karakana haina ukuta wa upande mmoja, na upepo wa ziwa unaingia. Dani alikisikia kikohozi hicho kabla yetu. Alianza kusema atarudi kwake, matope yamekauka, ingawa sote tulijua hayajakauka.

Nilienda Kisian. Nilimkuta amelala chini ya pikipiki, nikaongea na miguu yake. Nilimwambia arudi, nimepima mambo yote, Dani hatajali.

"Yeye hatajali," Baba akasema kutoka chini. "Mimi nitajali."

Alitoka, akaketi, akanipa kigoda, yeye akakaa kwenye tairi. Ili tusizungumzie jambo lile aliniuliza viumbe wangu hawajambo. Huwa ananiuliza hivyo, kama vile nafuga kuku. Nikamwambia kuna mmoja amekwama nje ya nyumba yake kwa sababu ya mama mkwe, na rafiki yangu anataka niifute ile heshima ili aingie. Sikumwambia huyo mmoja ni nani. Alipangusa spana muda mrefu, pande zote, hata pale palipokuwa safi.

"Msimwondolee adabu yake," akasema. "Mtafutieni njia tu."

Njiani kurudi niliyapima maneno hayo kwa kila namna niwezavyo, na nikaona hayanipi jibu lolote, kwa kuwa njia yenyewe ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Alhamisi mchana nilikuwa nimekaa na Dani mlangoni, yeye akichambua mboga, mimi na simu, nikimtazama mwenye miguu mirefu akilowa. Dani hapendi simu, lakini alisogea. Aliniuliza kwa Dholuo yule ni nani na mbona amesimama mvuani kama mti. Nikamwambia ni mkwe, na mama mkwe yuko ndani. Dani aliweka mboga chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayapangusa kwa ncha ya leso. Kisha akaacha kucheka. Alimtazama yule kiumbe kwa muda.

"Nyakwara," akaniita, yaani mjukuu wangu. "Hawa watu wako hawana siwindhe?"

Siwindhe ni nyumba ya bibi. Nilipokuwa mdogo, likizo nilipelekwa kwa Dani, na sisi wasichana wote wa boma tulilala kwake, kwenye mkeka mmoja, tukisimuliwa mambo hadi anayesimulia anasinzia wa kwanza. Hakuna bibi aliyelala katika nyumba ya binti yake. Wajukuu ndio walimfuata bibi. Nilikuwa nimejaza kurasa kumi na moja kuhusu kikohozi na sikuandika neno moja kuhusu nyumba hiyo.

Nilikimbia kwa rafiki yangu. Tulikaa mpaka jioni, tukawajengea viumbe nyumba ndogo za pembeni, moja kwa kila boma. Niliandika kwamba mama mkwe akiona nyumba hiyo ina moto atahamia mwenyewe bila kuambiwa, ila halali peke yake; lazima mjukuu atangulie, awashe moto, atandike. Kazi ya mjukuu nikampa kiumbe mdogo ambaye sikuwa nimemtaja kwa mtu. Nilimwandika siku za mwanzo kwa kujifurahisha. Kabla ya kuruka kutoka jani hadi jani, anapima umbali mara saba. Anaangalia upepo. Anarudi kuangalia alikotoka. Mara nyingi akimaliza kupima, jani limeshaondoka, na anaanza upya na jani jingine. Nilidhani anachekesha.

Ijumaa asubuhi tuliiachia mvua. Maji yakapanda, akina mama wakwe wakaja, wenye miguu mirefu wakatoka nje. Nyumba ndogo ilikuwa pale, kuni zipo, mkeka upo. Na mjukuu amesimama kwenye kizingiti, anapima. Tukangoja. Akapima tena. Mwenye miguu mirefu wa kwanza akaanza kugeuka majivu kuanzia magotini.

"Nyumba iko, kuni iko, mathe mkwe yuko tayari," rafiki yangu akasema, mkono shavuni. "Huyu mdogo ndiye shida. Atafikiria mpaka mzee azimike."

Alisema akicheka, hakuwa na nia mbaya, na hakujua. Mimi nilihisi joto likinipanda usoni hadi masikioni. Kwa sababu kulikuwa na chumba kitupu kwenye ploti ya nyumba za kupanga, ya pili kutoka kwetu, mlango wa bluu, na mwenye ploti alikuwa amemwambia Mama mbele yangu siku kumi zilizopita. Nilikuwa nimekifikiria kila siku. Nilikuwa nimefikiria kwamba huenda nitaitwa kazi Nairobi wiki ijayo, kisha Dani abaki na nani. Kwamba Dani ataona anafukuzwa kwa binti yake. Kwamba Baba ataona tumemtoa mama wa watu kwa ajili yake, na atazidi kukaa Kisian kwa aibu. Kwamba watu watasema msomi mzima analala na bibi yake. Kwamba bati la chumba kile lina tundu. Nilikuwa nimepanga hoja hizo kwa uzuri, na chini ya hoja zote Baba alikuwa anakohoa.

Rafiki yangu aliuliza kama amwondolee yule mdogo woga, ni kazi ya dakika mbili. Nikamwambia aache woga ulivyo, apunguze tu kupima. Apime mara moja, aende akiogopa. Alianza kuandika. Sikungoja kuona. Nilimwambia narudi, akasema unaenda wapi sasa hivi na hii ndiyo sehemu nzuri, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi.

Mwenye ploti alikuwa anaanika nguo. Nilimwambia nakitaka kile chumba kwa ajili yangu na Dani, na nikamuuliza kuhusu bati. Alisema lina tundu, ndiyo, weka beseni. Nikalipa kwa pesa yangu ya gemu, nikachukua ufunguo.

Dani nilimkuta na Mama uani. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima na yote ikapotea. Nilisema tu kwamba nimepata nyumba, si mbali, tutalala huko mimi na yeye. Mama alinitazama kama anayeona mtu aliyemsubiri stendi kwa muda mrefu. Dani aliuliza swali moja, kama kuku wanaruhusiwa. Nilisema sijauliza.

"Basi tusiulize," Dani akasema, na akaenda kuwakamata.

Tulihama mchana uleule, kwa mkokoteni mmoja, na vitu vilikuwa vichache hata kijana wa mkokoteni akaona haya kutoza safari nzima. Niliwasha jiko, nikatandika, nikaweka beseni chini ya tundu ingawa mbingu zilikuwa wazi. Dani alizunguka chumba mara moja, akaweka kigoda chake karibu na mlango, akakaa. Akauliza tena, lakini sasa hapakuwa na pazia, kama yule mwana wa watu atapita na baiskeli usiku.

Nikatoka nje, nikampigia Baba simu. Aliitika, nikasikia nyundo ikiwekwa chini. Nikamwambia Dani ana nyumba yake sasa, na mimi niko naye, na chakula chake yeye, Baba, kiko kwa Mama mezani. Nikasikia upepo wa Kisian ukipiga mabati. Kisha akasema anafunga karakana.